Kilichomuua Mahamudi

Lubumbashi, tarehe 12 Septemba 2021

Baba Mudogo Yakubu,

Assalam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta muzima, wewe na Mama Furaha na watoto wote wa Birere. Mimi ni muzima. Joto la huku limeanza, mvua bado, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye vitabu. Nimepita mwaka wa tano na distinksioni. Mwaka ujao, Mungu akipenda, mutaniita doktere wa wanyama.

Najua kelele za abatwari, machinjioni kwako, zinameza maneno kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia, na nimejaribu kunyoosha mistari sawa ulivyonifundisha. Barua inaletwa na mama Kaswera, muuza vitenge, anayekuja huku kwa ndege kila mwezi. Jibu lako mupe yeye.

Nina ombi. Memware yangu, kitabu cha kumaliza masomo, ni juu ya maini ya kondoo. Wewe unachinja tangu ujana wako, na kondoo wa Kibumba na Rutshuru wanapita mikononi mwako kila juma. Nataka uniangalilie maini. Ukiona kifuko chenye maji ndani ya ini, uandike. Ukiona kovu nyeupe, ngumu, inayolia chini ya kisu kama muchanga, uandike pia, na useme kondoo alikuwa mukubwa au mudogo, na ametoka wapi. Kama unaweza kuchora, chora.

Na tafadhali, maini mabaya yasitupwe kwa mbwa. Sababu nitakueleza.

Mutoto wako,
Jamila


Goma, tarehe 20 Oktoba 2021

Mutoto wangu Jamila,

Waalaikum salam. Barua yako niliisoma mara mbili mbele ya watu, juu ya ile distinksioni. Shangazi yako Mwamini alipiga vigelegele mpaka jirani wakauliza nani anaolewa. Mama Furaha ni muzima. Wale wa Buhene ambao moto wa volkano ulikula nyumba zao bado tunakaa nao, na nyumba imejaa, lakini tunacheka. Mvua inanyesha kila siku na mawe meusi yanateleza.

Sasa maini. Nimekuchorea matano kwenye karatasi ya nyuma, usicheke. Lile la kwanza ni la kondoo jike wa Kibumba, munene, anayemeremeta. Ukimuona ungesema hana neno. Kumbe ini lina vifuko vitatu vikubwa sawa machungwa, maji yake meupe kabisa. La pili ni la kondoo wa kundi lile lile, wa mufugaji yule yule, na nadhani ni ndugu yake kwa mama. Huyu ini lake lina kovu tu. Nilikata mojawapo, ikatoka kitu kama chokaa, kikavu. Nikauliza mwenye kundi, “Hawa wawili walilisha pamoja?” Akasema, “Muzee, hata kamba walifungwa moja.”

Miaka yote nimekuwa nikitupa hivi vitu bila kufikiri. Sasa umeniharibia kazi, maana kila ini linanisimamisha. Wateja wanasema Yakubu amekuwa profesa.

Mbwa tumewafukuza. Tumechimba shimo nyuma ya ukuta.

Mama Furaha atakuandikia kwamba sili vizuri. Usimusikilize, ni uzee.

Baba yako mudogo,
Yakubu


Lubumbashi, tarehe 22 Novemba 2021

Baba Mudogo,

Assalam alaikum. Michoro yako imebandikwa kwenye ukuta wa laboratware! Profesa wangu aliuliza mwanafunzi gani wa Goma anachora hivyo, nikamwambia ni muchinjaji, ni baba yangu mudogo. Mama anawasalimia kutoka Kindu. Najua zamani sikuwa naandika salamu zake, lakini anawasalimia.

Sasa nikueleze. Ni mududu wa jamii ya tegu, mudogo kuliko punje ya muchele, anayekaa ndani ya matumbo ya mbwa. Mbwa haumwi. Mayai yake yanatoka na mavi, yanabaki kwenye nyasi, kwenye manyoya ya mbwa, kwenye mikono. Kondoo akiyala, yai linapasuka tumboni, kile kidogo cha ndani kinasafiri na damu mpaka kwenye ini, na pale kinajijengea kifuko cha maji. Mbwa akila lile ini bichi, muzunguko unaanza tena.

Lakini mwili haukai bure. Unajenga ukuta kuzunguka kile kifuko, na ukuta huo ndio kovu. Kwa wengine ukuta unashinda, mududu anakufa, kunabaki chokaa. Kwa wengine mududu anaendelea kukua miaka kumi, ishirini, bila kelele. Kwa nini ndugu wawili wa kamba moja wapate miisho miwili tofauti? Ndiyo swali la memware yangu. Hata profesa hajui jibu lote.

Baba Mudogo, mududu huyu anaingia kwa mutu pia, njia ile ile. Na kile kifuko kikipasuka ndani kwa ghafula, mutu akipigwa au akianguka, maji yake yanaweza kuwasha mwili wote. Uso unavimba, ngozi inatoka mabaka, pumzi inakatika. Inaweza kuua ndani ya saa moja.

Wewe ndiye ulikuwa na baba siku ile alipokufa, baada ya saa sita. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Aliporudi kazini kutoka kula, kuna kitu kilimugonga?

Jamila


Goma, tarehe 9 Januari 2022

Jamila,

Waalaikum salam. Sisi ni wazima. Mwaka umeanza. Kondoo wa Rutshuru wamekuwa wachache, wa Kibumba wanakuja. Nimeona maini kumi na mane tangu barua yako. Sita yana vifuko, matatu yana kovu tu, mengine ni safi. Orodha iko kwenye karatasi ya pili.

Habari ya mukubwa wangu Mahamudi iache. Watu wazima walikaa, wakaongea, ikaisha. Wewe soma.

Yakubu

(Jamila, ni mimi Mama Furaha, ninaandika chini hapa kabla hajafunga bahasha. Tangu barua yako ya mwisho hasemi. Mbele ya hapo alikuwa hali vizuri, sasa anakula vijiko viwili anaacha. Anashika mbavu ya kuume. Shangazi Mwamini anataka kumupeleka kwa mutu anayechanja na wembe. Nimekataa. Fanya kitu.)


Lubumbashi, tarehe 20 Januari 2022

Baba Mudogo wangu,

Assalam alaikum. Hii inakuja haraka, na mwenzangu anayepanda ndege kesho asubuhi. Salamu kwa wote, utanisamehe kwa ufupi.

Usikasirike na aliyeniambia. Unaumwa mbavu ya kuume. Nakuomba kwa jina la Mungu mambo matatu. Mutu yeyote asikuchanje. Mutu yeyote asikuingize sindano tumboni kabla ya kuona ndani kuna nini. Na uende ufanye ekografi, juma hili, si lijalo. Haiumizi. Wanapaka mafuta baridi, wanapitisha kitu juu ya tumbo, wanaona kwenye televizio. Ulale tu.

Uulize kama kuna kifuko ndani ya ini. Mupe doktere hii barua asome mwenyewe.

Swali langu la mwezi wa kumi na moja, sikulazimishi kulijibu. Nilipoteza baba mumoja, sitaki kupoteza wa pili juu ya kutaka kujua ukweli.

Mutoto wako anayekupenda,
Jamila


Goma, tarehe 14 Machi 2022

Mutoto wangu Jamila,

Waalaikum salam warahmatullah. Usihesabu siku nilizokaa kimya. Barua hii niliianza mara nne. Mama Furaha ni muzima, Mwamini ni muzima, na mimi ni muzima kuliko nilivyofikiri.

Nilikwenda. Mama Furaha alinishika mukono mpaka mulangoni sawa mutoto wa shule ya maternele. Doktere anaitwa Namegabe, kijana mupole, alisoma barua yako akaguna. Alinilaza, akapaka yale mafuta, akapitisha chombo chake, halafu akarudia pale pale mara tatu. Jamila, doktere akirudia ni vibaya. Nikamuuliza, “Umeona nini?”

Akageuza televizio nione. Ndani ya giza la ini langu kulikuwa na duara, ukubwa wa ndimu, ukingo wake mweupe.

Nikasema, “Mimi nimekwisha.”

Akasema, “Muzee, huyu alishakufa zamani, labda miaka ishirini. Angalia, hakuna maji tena, ni chokaa tupu. Mwili wako ulimufungia ndani na kumumaliza, wewe ukiwa unachinja kondoo zako. Hatukati, hatutoi dawa. Utarudi kila mwaka tumuangalie tu.”

“Na haya maumivu?”

“Hayo ni vidonda vya tumbo. Unakula nini, na unafikiri nini?”

Nilianza kulia pale juu ya kitanda. Akafikiri ni furaha, akanipa karatasi ya kupangusa mafuta. Vidonda nimepewa dawa, na ninakula. Lakini nililia juu ya baba yako.

Sasa nitajibu.

Tulipokuwa wadogo, babu yako alichunga kondoo za watu kule Lac Vert. Hakutaka mbwa nyumbani, kwa sababu ya swala. Mahamudi na mimi tulikuwa na mbwa wetu wa siri, jike la rangi ya majivu, tulilificha kwenye pango la mawe. Tulimuibia maini yale mabovu baba alipochinja. Tulilala naye usiku wa baridi, mukono wangu shingoni mwake, mukono wa Mahamudi juu ya wangu, na tulikula viazi na mikono ile ile. Barua yako ya Novemba iliponieleza njia ya yule mududu, nilimuona yule mbwa mbele yangu. Ndiyo maana niliandika vibaya.

Na siku ile. Mahamudi alirudi kutoka kula, amefurahi. Tulikuwa tunashusha kondoo kwenye lori. Dume moja, kubwa, la pembe, lilikata kamba likamupiga na kichwa chake chini ya mbavu ya kuume. Akaanguka kwa makalio. Nilicheka, Jamila. Yeye pia alicheka kidogo. Akasema, “Hili dume tulichinje la kwanza.” Baada ya muda akasema mwili unamuwasha. Nikaona midomo yake imekuwa minene. Nikamwambia arudi nyumbani alale. Alifia mulangoni pa mama yako.

Jioni wazee wakauliza, alikula wapi mara ya mwisho? Watu wakamutazama mama yako Asumini. Mimi nilikuwa nimekaa pale, na lile dume lilikuwa mudomoni mwangu. Nilifikiri, kondoo haiwezi kuua mutu. Halafu nilifikiri, nikisema, watauliza mbona nilimuacha atembee peke yake. Nikanyamaza. Mpaka wakamufungia mama yako mizigo aende Kindu, nilinyamaza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mine, ulisimama ukasema, “Tulikula sahani moja na baba, na mimi siumwi,” Mwamini akakuambia watoto waende nje. Nilisikia, nikaangalia chini.

Miaka kenda nimekulipia masomo na nimejiambia hiyo inatosha. Haitoshi.

Alhamisi iliyopita niliita ukoo wote baada ya swala ya alasiri. Nilisimama nikasema kila kitu, mbwa, dume, kucheka kwangu. Nikaonyesha picha ya ini langu. Mwamini akasema, “Yakubu, unataka kutuambia tulimufukuza muke wa watu bure?” Nikasema, “Ndiyo, dada. Bure kabisa.” Alijifunika kitambaa usoni. Hakuna aliyekula siku ile.

Nataka kumuandikia mama yako. Lakini nakuomba ruhusa wewe kwanza.

Yakubu


Lubumbashi, tarehe 2 Aprili 2022

Baba Mudogo,

Assalam alaikum, na Ramadhani njema. Leo ni siku ya kwanza ya kufunga na mvua imeosha muji wote.

Nilisoma barua yako nikafurahi juu ya ini lako, nikaruka kitandani sawa mutoto. Halafu nikasoma sehemu ya pili. Nilikukasirikia siku tatu. Sikwenda laboratware. Niliondoa michoro yako kwenye ukuta. Siku ya nne niliirudisha, maana memware inaihitaji, na maana mukono uliochora ni ule ule ulionishika siku ya mazishi. Sijui nitakasirika tena lini. Nikikasirika nitakuandikia.

Kwa haki nikuambie kitu kimoja. Baba hakupasuliwa, kwa hiyo siwezi kuapa mbele ya profesa kwamba ilikuwa kifuko. Mama anakumbuka uvimbe mugumu chini ya mbavu yake, ambao alikataa kuuonyesha. Ukijumlisha uvimbe, dume, midomo, kuwashwa na yule mbwa wenu, mimi kichwani sina mashaka. Na kwa nini wewe ulijenga ukuta na yeye hakujenga, usiniulize, na usijiulize usiku. Haikuwa wema wako wala kosa lake. Kondoo wa kamba moja, umewaona mwenyewe.

Nilimupigia mama simu nikamusomea barua yako yote. Kisha akasema, “Barua sitaki. Kinywa kilichonyamaza kije hapa kiseme.”

Ndivyo alivyosema, nimekuandikia bila kupunguza.

Jamila


Kindu, tarehe 6 Mei 2022

Mutoto wangu Jamila,

Assalam alaikum, na Idd yenye baraka. Soma vizuri juu ya ukurasa, niko Kindu. Wote ni wazima. Mama Furaha amebaki Goma na watoto. Mwamini alitaka kuja, nikamwambia angoje, kila mutu na siku yake. Amenipa kitenge nimupelekee mama yako, na mama yako amekipokea bila kukifungua. Tuiache hivyo kwanza.

Ndege niliiogopa. Mutu mumoja karibu nami alisoma gazeti njia nzima, nikamuchukia.

Mama yako nilimukuta mulangoni anapepeta muchele. Nywele zake zimekuwa nyeupe mbele. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yote yakapotea. Nikasema, “Shemeji, dume la kondoo lilimupiga. Niliona. Sikusema.”

Hakuacha kupepeta. Akauliza, “Ulijua siku ile ile?”

“Dume nilijua. Kwamba ndilo lilimuua, nimejua mwaka huu. Lakini kwamba wewe hukumuua, hilo nilijua siku ile ile.”

Hapo ndipo aliweka ungo chini. Alilia kwa sauti mpaka watu wakatoka nje, nami nilisimama tu, sikujua mikono yangu niiweke wapi. Alipomaliza alipangusa uso akasema, “Neno lile lilipanda pirogi, mutumbwi wa muto, likanifuata mpaka hapa, Yakubu. Unaona mimi nauza nini? Muchele mubichi. Chumvi. Kuni. Miaka kenda hakuna mutu wa Kindu anayekula kitu nilichopika. Mimi, Asumini, niliyekuwa napikia harusi.”

Jamila, hilo hukuniambia kamwe. Nadhani yeye hakukuambia wewe pia.

Akasema, “Msamaha ni kati yangu na Mungu, bado tunaongea. Lakini kesho kutwa ni Idd, na watu watakuwa kwenye kiwanja cha muskiti. Utasema pale.”

Nikasema. Imamu alinipa nafasi baada ya swala. Niliwaambia mimi ni nani, nikawaambia juu ya mududu wa mbwa sawa ulivyonieleza, taratibu, nikawaonyesha picha ya ini langu na wakaipitisha mukono kwa mukono, watoto wakaigeuza juu chini. Nikasema, “Huyu mwanamuke hakumupa mukubwa wangu sumu. Sisi ndio tuliokula jina lake.” Muzee mumoja aliuliza maswali mengi juu ya mbwa wake, nikamujibu yote. Mama yako alikuwa upande wa wanawake, hakuinua kichwa. Mama mumoja munene, jirani yake, alimugusa bega akamuuliza kwa sauti ya kila mutu kusikia, “Mama Jamila, kesho unapika nini?”

Siku ya kwanza aliweka sufuria moja barabarani, wali na maharagwe. Alikaa nyuma yake amekunja mikono, anaogopa. Yule munene alikuja wa kwanza, akala akiwa amesimama. Halafu wakaja madereva wawili wa tukutuku. Jana zilikuwa sufuria mbili. Leo ni tatu, moja ya samaki, na kabla ya saa sita mbili zimekwisha. Kurudi Goma amekataa, anasema sasa ndiyo Kindu imeanza kuwa yake, lakini siku ya kutetea memware yako atakuwa Lubumbashi, na amenionya nisikae kiti cha mbele.

Nilitaka kukuandikia mengi juu ya maini ya huku, maana nimetembea mpaka machinjioni kwao. Siwezi. Mama yako ananiita, anasema watu wamekuwa wengi, nilete kuni, na niache kuandika.

Baba yako mudogo,
Yakubu